Kofia ya Bwana Torgerson Kitandani

Jumatatu, 19 Mei

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata farasi wangu. Nasoma riwaya za mapenzi za Shangazi Ardis. Zile za makauboi, zenye picha ya mwanamume aliyefungua shati huku theluji inaanguka nyuma yake. Nazisoma ghalani, nimezifunika kwa jalada la kitabu cha matengenezo ya trekta. Shuleni wakijua nimekwisha. Hapa Montana mvulana wa rika langu huchunga ng'ombe. Hasomi jinsi wengine walivyochunga ng'ombe huku wakihema.

Kila kitabu kina vibanio vya nguo. Mambo yakianza kuchemka, kurasa zote zinazofuata zimebanwa pamoja. Sijui kwa nini Shangazi hufanya hivyo. Labda hataki zichakae. Mimi naviheshimu vibanio, kwa hiyo elimu yangu ya mapenzi ina mashimo. Ninachojua ni hiki: tufani inavuma, kauboi anaingia amelowa, kofia yake inaangukia kitandani. Kibanio. Halafu ni asubuhi, wanakula chapati za maji, na tayari ni wachumba. Riwaya zote!

Leo elimu hiyo inatakiwa kufanya kazi. Daktari Milburn, yule wa meno kutoka Billings, amemposa Shangazi. Shangazi ni mjane, na ndiye aliyenilea. Amesema atamjibu Jumapili, ndama wakishapigwa chapa. Akikubali, ng'ombe watauzwa na tutahamia mjini. Daktari ameniahidi chumba chenye zulia. Sitaki zulia. Nataka kubaki hapa, na Shangazi wangu, na farasi wangu mzee ambaye hakuna mtu atakayemnunua isipokuwa kwa nyama.

Dawa ninayo. Jirani yetu, Bwana Lyle Torgerson. Kapera. Ana farasi, ana kofia. Kasoro yake ni moja tu: tangu nimfahamu amekuwa akisema jambo lilelile, kwamba mvua ingefaa.

Jumanne, 20 Mei

Mpango wa kwanza. Shujaa lazima aingie amelowa. Mvua haipo, mpira wa maji upo. Nilipotoka shule Bwana Torgerson alikuwa amekuja kutusaidia kuziba ua, nami nikajificha nyuma ya tangi na kummwagia.

Alidhani bomba limepasuka. Akalala chini kulitafuta tundu, akalitafuta hadi jioni. Lakini shati alilivua ili alikamue! Nikakimbia kumwita Shangazi dirishani.

Majalada yanadanganya, nalisema kwa uchungu. Uso na mikono ya Bwana Torgerson ina rangi ya tandiko. Kwingine kote ni mweupe kama unga wa ngano. Shangazi akachungulia na kumwambia, "Lyle, jifunike, kuku wangu wataacha kutaga." Akajibu kwamba mvua ingefaa. Shangazi akacheka mpaka akashika beseni la kuoshea vyombo.

Anamcheka. Pigo kubwa.

Jumatano, 21 Mei

Nimemfundisha Bwana Torgerson maneno. Nilimkuta zizini nikamweleza, nikiangalia viatu vyangu, kwamba wanawake hupenda kusifiwa macho. Yafananishwe na kitu kizuri. Ziwa, kwa mfano. Au anga kabla ya tufani. Aliniuliza kama nina homa.

Jioni akaja kurudisha nyundo. Akasimama mlangoni, kofia mkononi, paji la uso, ambalo kofia hulificha jua, likiwaka weupe. Akamwambia Shangazi kwamba macho yake yanafanana na ya mtamba wake mmoja.

Nilitaka kuingia ndani ya kabati. Shangazi akauliza ni mtamba yupi. Yule mwekundu, akasema, aliyekatika masikio kwa baridi. Yule ambaye hakumuuza. Shangazi akasema loo, yule. Akamkatia pai ya cheri na kumfungia nyingine ya kwenda nayo.

Alipoondoka Shangazi aliosha vyombo akiimba. Bila shaka Daktari amempigia simu. Tunashindwa!

Ijumaa, 23 Mei

Daktari Milburn amekuja na kofia mpya, nyeupe, isiyojua jasho. Aliniita kijana, akanitazama meno kabla hajanitazama macho, akasema hilo la nyuma litaniletea shida. Kisha akaiweka kofia mezani, ukingo chini.

Shangazi akaigeuza. Kofia hulazwa ukingo juu, bahati isimwagike. Hilo hapa kila mtoto analijua. Akasema kwamba bora mezani kuliko kitandani: babu yangu alitupa kofia kitandani asubuhi, na mchana farasi akamvunja nyonga. Daktari akacheka sana na kusema kwamba mjini wana vitanda na wana kofia na nyonga zao zote ni nzima.

Inaniuma kukubaliana na mtu wa meno, lakini huo ni ushirikina wa watu wasiosoma. Babu hakuwahi kufungua riwaya. Katika riwaya, kofia ikilala kitandani, ndoa inafuata. Nimezisoma zote. Au sehemu zisizobanwa.

Mpango wa mwisho ni kesho.

Jumamosi, 24 Mei

Niandike kwa mpangilio.

Majirani wote walikuja kupiga chapa, kama ilivyo desturi: leo kwetu, kesho kwao. Wanaume juu ya farasi wakinasa ndama kwa kamba, sisi wengine tukiwashikilia karibu na moto. Mchana tukaingia kula. Kofia zote zikabaki kwenye benchi la barazani, ukingo juu. Nikasema naenda chooni. Nikaichukua ya Bwana Torgerson, nyeusi, yenye chumvi ya jasho, iliyokuwa ya baba yake. Nikailaza mbiombio katikati ya kitanda cha Shangazi, bila kuangalia kilichokuwa juu yake.

Nilisahau jambo moja. Siku ya watu wengi, kitanda cha mwenyeji ndipo wanawake wanapolaza makoti na watoto wachanga. Wanaume walipokuwa wakivaa kofia zao kurudi kazini, Mama Kjelstad alikwenda kumchukua mwanawe akamkuta amelala na kofia. Yowe lake lilifika kwa farasi.

Kazi ikasimama. Hakuna mwanamume aliyekubali kupanda farasi. Kisha wakaangaliana vichwani kuona nani hana kofia, na paji jeupe lilikuwa moja. Kisha, polepole, wote wakamgeukia Shangazi. Maana kofia haina miguu. Mama Kjelstad akasema yeye haulizi kitu, anasema tu kwamba mlango wa chumba ulikuwa umefungwa.

Hapo nilipaswa kusema ni mimi. Badala yake nilianza kuhesabu ndama.

Bwana Torgerson alinitazama. Kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Niliiweka mimi. Mikono ilikuwa imejaa makoti ya kina mama, nikasahau."

Uongo mtupu, kutoka kwa mtu ambaye hata akiitaja mvua haongezi chumvi. Daktari Milburn akacheka peke yake. Akasema ameshangaa kuona watu wazima wakiogopa sufu iliyoshindiliwa. Akaitwaa ile kofia kutoka kwa Mama Kjelstad na kuivaa mwenyewe, akazunguka nayo ili tuone kwamba nyonga zake ni nzima.

Hapa mtu anaweza kumgusa mkeo begani na mkasameheana. Kofia, hapana.

"Preston," alisema Shangazi, "vua kofia ya mtu."

Daktari akasema ni kofia tu, Ardis.

"Basi huna haja ya kungoja jibu mpaka Jumapili."

Akaivua. Bwana Torgerson akaipokea, akaipangusa kwa kiganja, akaenda nayo mpaka kwenye moto wa chapa. Tukadhani anaipasha. Akaiweka juu ya makaa, katikati ya vyuma.

"Mkosi usibaki kitandani kwako," akamwambia Shangazi.

Kofia ya baba yake! Kisha akapanda farasi, wa kwanza kabla ya wote, akafanya kazi kichwa wazi mpaka jua likashuka. Shangazi alisimama na sufuria tupu mkononi akiuangalia ule moshi.

Jumapili, 25 Mei

Ushindi!

Daktari Milburn hakuja. Bwana Torgerson alikuja asubuhi, paji la uso limeungua likawa jekundu kama nyanya. Shangazi akamkalisha jikoni akampaka mtindi kwa vidole, akimwambia akae kimya, asitikisike, mzee mzima haoni haya. Baadaye akaleta kofia ya marehemu mumewe, Mjomba Roald, ambayo hajawahi kumpa mtu kuishika. Ikamtosha. Wakatazamana. Kisha tukala chapati za maji!

Kwa hiyo hatuhami. Ng'ombe wanabaki, farasi wangu anabaki.

Nilipomsindikiza Bwana Torgerson kwenye pikapu aliniambia kwamba safari nyingine nimuulize kwanza. Nimemwelewa. Anataka apewe nafasi ya kuchagua kofia iliyo safi zaidi.

Watu watasema yalikuwa mambo ya moto, au mtamba mwekundu, au mtindi. Watu hawasomi. Kofia ilionja kitanda Jumamosi, chapati zikaiva Jumapili. Imethibitishwa.

Nimekuta mezani riwaya mpya ya Shangazi. Hajaianza hata ukurasa, lakini vibanio vimeshawekwa. Mwanamke huyu ana mpangilio wa ajabu.

Jumanne, 27 Mei

Jana ilikuwa sikukuu, leo shule. Bwana Bjerke wa hesabu ni kapera na huzungumza na mimea ya dirishani. Muuguzi wetu, Bi Odegaard, hula peke yake ndani ya gari. Inasikitisha, na tiba yake ninayo.

Baada ya kipindi cha kwanza niliichukua kofia ya Bwana Bjerke kwenye msumari wake. Nikaingia chumba cha wagonjwa cha Bi Odegaard, nikailaza katikati ya kitanda, nikaufunga mlango taratibu, nikaenda kwenye kipindi cha jiografia.