Jinsi Nilivyoiokoa Friji ya Wifi

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeamua. Wiki hii natoka kwenye madeni, potelea mbali!

Aliyenizindua ni Mweka Hazina wa kikundi chetu cha akina mama. Kanisimamisha mbele ya duka la vitambaa, akasema kwa sauti ya kumfikia hadi muuza vifungo kwamba marejesho yangu ya mkopo wa cherehani yamelala miezi mitatu. Jumamosi wanakuja kukamata dhamana. Balaa ni kwamba dhamana si yangu. Ni friji ya wifi, dada mkubwa wa mume wangu, aliyenidhamini bila hata kuuliza swali. Ndimo anamopoozea juisi anazouza. Bila friji hiyo wifi hana riziki.

Wifi hajui. Nilitaka kumwambia leo. Mwanangu Kibonge akaamka analia, nikapata kisingizio.

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango! Msusi wa jirani kanifundisha kuwa simu nayo hukopesha, na humpenda anayelipa haraka. Unakopa kidogo, unarudisha papo hapo, inakuamini, inakupandishia kiwango. Kiwango kikipanda vya kutosha unachota kikubwa, unamziba mdomo Mweka Hazina. Kumbe uaminifu unajengwa mtu umejikalia tu!

Nimekopa na kurudisha tangu asubuhi. Kila mara wanakata ada. Hadi adhuhuri kiwango kilikuwa kimepanda kwa bei ya kiberiti, na ada zilikuwa zimekula hela ya nepi. Nikakata nepi kwenye mabaki ya sare za shule. Kuanzia kiunoni kwenda chini, Kibonge ni mwanafunzi.

Mume wangu karudi kutoka kuchomelea mageti, macho mekundu, kauliza mtoto kaanza shule lini. Nikamwambia ale.

Jumatano, 8 Oktoba

Kibonge katumbukiza simu kwenye beseni la kufulia. Mkopo wa mwisho ulikuwa bado sijaurudisha, na ulitakiwa leo. Simu nimeizika kwenye mchele ikauke. Sasa hatuna cha kupika, maana mchele una simu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wale wa mkopo wa simu, waliponikosa hewani, wamewapigia watu wangu wote niliowaandika humo. Mkunga. Muuza gesi. Mteja ambaye gauni lake nimemwahidi kesho tangu Juni. Na wifi. Dada wa madeni, mwenye sauti tamu kama asali, kamuuliza kwa adabu zote: samahani, naongea na Wifi Usipokee?

Ndivyo nilivyomwandika, kipindi kile nilichokuwa namkwepa.

Kaja mwenyewe, na ndoo yake ya juisi. Hakukaa. Kaniuliza nadaiwa na watu wangapi. Nikasema wawili. Akasema hebu hesabu tena, na wale unaowapita kwa njia ya nyuma nao uwatie. Sita. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema, wewe mtoto, mimi nimeolewa nikaachika nikazika, unadhani kitu gani cha kwako kitanishtua? Si uniambie tu?

Hapo ndipo palipokuwa pa kuitaja Jumamosi. Nikafungua mdomo. Mdomo ukasema: wifi, mbona juisi yako siku hizi haipoi, au friji inaumwa?

Sijui ulikotoa maneno hayo. Lakini alipoondoka nikaona, ala, kumbe nimepata mpango mwingine!

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeiokoa friji!

Nilimwambia wifi kwamba mume wangu atamtazamia mota bure. Mume wangu ni mtu wa mageti, lakini chuma si ni chuma? Tumeileta kwetu kwa mkokoteni, juisi zikiwemo. Kesho kikundi kikienda kwa wifi kikute ukuta mtupu. Wifi katushukuru. Katushukuru! Kanipa na chupa moja ya juisi. Nimeinywa yote.

Mume wangu kauliza friji ina ubaya gani. Nikamwambia iko hatarini. Akaitegea sikio, akasema mbona haisikiki hivyo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kikundi kina kanuni. Siku ya kukamata wanaanza nyumbani kwa mkopaji. Cherehani hakiguswi, ndicho kinacholipa mkopo. Wakikosa kingine cha maana kwake, ndipo waende kwa mdhamini. Kanuni hii naijua. Niliipigia kura. Nilipiga na makofi.

Wamefika sijamaliza kumwogesha Kibonge. Mweka Hazina kaiona friji, kaifungua, baridi ikampiga usoni. Akasema, he, shoga, kumbe una friji mpaka na juisi ndani, na sisi huku tunakuonea huruma! Nikasema si yangu. Akauliza ya nani basi. Nikaendelea kumsugua Kibonge. Ningesema yangu, wangeichukua. Ningesema ya wifi, wangeichukua.

Ikapakiwa. Wifi naye alikuwa njiani anakuja kuijulia hali. Wakakutana kwenye kona, yeye na friji yake. Hakupiga kelele. Bora angepiga. Aliweka kiganja kwenye ule mlango mweupe, akatembea kando ya mkokoteni kama anayemsindikiza mgonjwa.

Nimelia hadi nimelowesha gauni la mteja. Ikabidi nilipige pasi.

Jumapili, 12 Oktoba

Wifi kalipa deni lote la kikundi, kwa pesa aliyokuwa anajiwekea ajenge kibanda. Kataka malipo yaandikwe kwa jina langu, nisichafuke. Friji imerudi kwake. Juisi zote zimechacha.

Nikapiga magoti. Kaniinua, kasema nisimchafulie sakafu kwa machozi. Nitamrudishia polepole, kwa kushona, wala hatanisukuma. Sharti moja tu: nisikope tena. Hata chumvi kwa jirani.

Nikaapa. Nimeapa nimembeba Kibonge, na sijawahi kuapa kwa moyo mweupe kiasi kile.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mweka Hazina kanisimamisha tena mbele ya duka la vitambaa. Safari hii anatabasamu! Kasema jina langu sasa limetakata, na mwenye jina safi anaruhusiwa kukopa mara mbili ya mwanzo.

Nimeshona siku nzima nikimwaza wifi. Nitamshukuru kwa kitu gani mtu kama yule? Asante ya mdomo haitoshi. Friji yake ni kuukuu, na ule mkokoteni umeibonyeza ubavuni. Nimeona moja dukani, ya milango miwili, inang'aa. Kuapa niliapa, sikatai. Lakini niliapa kuhusu shida zangu mimi. Hii ni ya kwake.

Nimeshaomba. Kimebaki kitu kimoja tu, mdhamini, na kati ya watu wangu wote mwenye kitu cha kuweka dhamana ni mmoja. Kesho asubuhi namwendea. Ila sitamwambia ni mkopo wa nini, nisije nikamharibia zawadi yake.