Kila Uzi na Sanduku Lake: Uzinduzi Kwenye Madirisha ya Dawa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, Mheshimiwa Kaimu wa Makamu, waganga, wauguzi, fundi wa jenereta, na ninyi wagonjwa wapendwa mliosimama tangu alfajiri kwa hiari yenu, itifaki imezingatiwa! (Makofi. Mtu anakohoa.)

Mimi, Mkurugenzi wenu wa Kumbukumbu, nisiyependa kujisifu ingawa sifa zenyewe zinanifuata, nazindua rasmi Mradi wa Data Mahususi ya Uzi, ambao kitaalamu, nami nimehudhuria semina ya siku mbili, ni hivi: programu yetu ya kompyuta, iliyoandikwa kwa lugha ya C, ina nyuzi sita, yaani kama vibarua sita ndani ya mashine wanaofanya kazi kwa wakati mmoja, kila mmoja na dirisha lake, ila wote walikuwa wakiandika jina la mgonjwa mahali pamoja, hivyo wa dirisha la pili hajamaliza, wa tano keshafuta na kuweka lake, ndipo babu mmoja akaenda nyumbani na vidonge vya wajawazito. (Kicheko. Babu hacheki.)

Suluhisho? Kila uzi uwe na sanduku lake la kuwekea jina, usiguse la mwenzake, na kazi ikiisha sanduku lisafishwe! Matokeo mmeyaona: tangu Jumatatu makosa yameshuka kwa asilimia mia moja! (Makofi viti vya mbele. Mama mwenye mtoto mgongoni: “Si mmefungua dirisha moja tu! Foleni imefika getini!”)

Mama yangu, huo ndio usimamizi shirikishi wa rasilimali. (“Na hii chupa ya Ijumaa, dirisha la tano? Jina lililoandikwa si la mwanangu, na homa haijashuka. Nimpe, nisimpe?”) Swali zuri sana, litapelekwa kwenye kamati. (“Kamati ndiyo inayoumwa?” Kicheko kirefu. Mkurugenzi anapangusa jasho.)

Kila uzi! (“Sanduku lake!”) Dirisha moja! (Mtu anakohoa.)

Kwa kuhitimisha, namshukuru kwa namna ya pekee mwandishi wa programu atakayejenga masanduku hayo, ambaye tangazo la kumtafuta litatoka mwakani, maana kwa sasa masanduku yako kwenye daftari langu la semina. Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza. Na wewe mama, nakuomba kama mzazi mwenzako, hiyo chupa usiifungue.