Pedali Mbili na Ubao wa Kathini

Jumatatu, 2 Juni

Jana baada ya ibada Dada Sella, kiongozi wa kwaya, aliniita kando. Akasema kwaya haiwezi kuendelea kuimba bila besi. Ameshapata mtu. Mercyline, msusi wa kule Olympic. Ataanza Jumapili.

Mahali pa Kathini!

Mke wangu alipiga besi katika kanisa hili la Mashimoni tangu paa likiwa turubai. Mimi gitaa, yeye besi, bega kwa bega. Alikuwa akivumisha wimbo puani huku akipiga, taratibu, mbali na maikrofoni. Aliyemsikia ni mimi tu.

Nikamwambia Sella asimlete mtu. Besi italetwa na mimi. Akauliza nani ataipiga. Mimi. Na gitaa? Mimi pia. Akanitazama kwa lile jicho ambalo watu hunitazamia siku hizi, akasema haya, watanisikiliza Jumamosi kwenye mazoezi. Nikishindwa, ni Mercyline.

Nimegundua kwamba tangu mazishi hakuna anayeniambia hapana moja kwa moja. Lazima nitumie nafasi hii kabla haijaisha.

Jumatano, 4 Juni

Nimekwenda Kawangware kwa Murunga, fundi wa redio. Huyu hutengeneza pedali, visanduku vya kukanyaga kwa mguu ambavyo hubadilisha sauti ya gitaa. Ni rafiki; tulizoeana akitutengenezea spika. Alinionyesha mbili. Ya kwanza inaishusha sauti chini kabisa, gitaa linanguruma kama besi. Ya pili ni ya fazi. Hiyo hulikwaruza gitaa hadi lilie kama kinanda cha umeme chenye homa.

Besi na kinanda, vyote chini ya miguu yangu! Nikamwachia mtungi wangu wa gesi na jiko lake kama malipo. Sipiki siku hizi. Chakula cha mtu mmoja hakichemki vizuri.

Murunga alinionya. Alisema, "Buda, hii ya kushusha inaskia string moja tu. Ukigonga mbili, inachanganyikiwa." Nikamjibu nimepiga gitaa kabla hajazaliwa.

Usiku sikuzijaribu kwa muda mrefu. Jirani yangu Wangoi aligonga mabati akauliza kama nachinja ng'ombe, na kama nachinja, mbona sijamwita.

Alhamisi, 5 Juni

Pedali zinateleza sakafuni. Zinahitaji kibao.

Kibao kipo. Ni ule ubao wa Kathini. Hakuweza kupiga besi akiwa na viatu. Alisema besi huisikia kwa nyayo. Lakini sakafu ya kanisa ni simiti, na stima ya Mashimoni inauma, hasa mtu akiwa miguu mitupu. Nikamrandia ubao asimamie. Alisimama juu yake miaka yote hiyo, na hakuumwa hata siku moja. Umebaki na alama mbili za nyayo, zimelainika kuliko ambavyo msasa wowote ungezilainisha.

Nimefunga pedali moja kwa skrubu kwenye kila alama. Imependeza. Nadhani angependa.

Mimi ni fundi wa vitanda. Majeneza nimetengeneza machache. Ni moja tu nililolipiga msasa hadi ndani.

Ijumaa, 6 Juni

Mazoezi karakanani, Kianda. Uzi mmoja mmoja, polepole. Inafanya kazi! Besi ya kweli! Wateja wawili wameondoka.

Shida ni mkono wangu. Kwetu Kitui gitaa hupigwa nyuzi mbili pamoja, moja ikizungumza, nyingine ikiitikia. Mkono umezoea. Kathini alikuwa akisema, "Wewe piga zako mbili, mimi nitabaki hapa chini na moja yangu."

Mchana Mercyline akapita. Niaje uncle, pole kwa kila kitu. Ana adabu, na hilo limeniudhi. Akasema hataki kuharibu. Akaniomba nimweleze jambo moja: Kathini alijuaje wakati wa kuingia kwenye wimbo? Alihesabu kwa kutumia nini?

Kwa kichwa, nikamwambia. Anatikisa mara nne, anaingia.

Si kweli. Alihesabu kwa mguu. Na ya nne hakuigonga, aliingia nayo.

Mercyline akashukuru, akaenda zake akitikisa kichwa. Ushindi.

Jumamosi, 7 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Sakafu ya kanisa ilikuwa imetoka kupigwa deki. Nikavua viatu, kwanza ili nikanyage pedali vizuri, pili kwa sababu Kathini alivua. Ubao ulikuwa umejaa pedali. Mimi nikasimama kwenye simiti.

Ubeti wa kwanza ulikwenda sawasawa. Uzi mmoja mmoja. Sella alifumba macho. Miguu iliniwasha kidogo, nikadhani ni upako.

Tukafika kwenye kiitikio. Mkono ukasahau, ukagonga nyuzi mbili. Pedali ikachanganyikiwa. Ilitoa sauti ya ng'ombe anayezaa ndani ya pipa. Nikakanyaga nyingine kuifunika. Ilikuwa ya fazi. Sasa ng'ombe yuko kwenye pipa na nyuki wamo humo humo. Waimbaji wa sauti ya pili wakaketi. Nikasogea kwenye maikrofoni kuomba radhi, mdomo ukaigusa, na stima ikanishika.

Nilichosema hakimo katika kitabu cha nyimbo. Niliangukia ngoma.

Wanzala, mpiga ngoma, akacheka hadi akashika ukuta. Ndugu Makau, hizo ni ndimi gani, na nani atatafsiri? Wote wakacheka isipokuwa Sella. Hapo ndipo nilipojua imekwisha. Aliniletea viatu vyangu mwenyewe. Akasema kesho besi ni ya Mercyline.

Muda wa kutoambiwa hapana umeisha.

Jumapili, 8 Juni

Mvua tangu alfajiri. Nilikwenda na gitaa, na pedali kwenye ubao wake, endapo Sella angebadili nia. Hakubadili.

Mercyline alikuwa amevaa besi. Nikaona anavua viatu. Alisema ameambiwa Kathini alipiga hivyo. Akakanyaga simiti. Ilikuwa imelowa kwa nyayo za kanisa zima.

Najua waya ule wa stima. Jana ulinitupa mimi, mtu mzima wa kubeba mbao. Kilichotakiwa kwangu ni kukaa tu. Mbele ya kanisa zima angepiga yowe, asingerudi tena, na mahali pale pangebaki patupu. Sijawahi kuwa na mpango mzuri kama huo. Haukuhitaji hata pedali.

Sella akainua mkono. Mercyline akapeleka kidole kwenye uzi.

Nikapiga kelele ngoja! Sikuwa na bisibisi. Nikazing'oa pedali kwa mikono, skrubu zikatoka na vipande vya mbao. Ile ya fazi ikaanguka ikapasuka. Nikauweka ubao mbele yake. Panda, nikamwambia. Stima. Akapanda. Nyayo zake ni ndogo, hazikuzijaza zile alama, na sasa alama zina matundu ya skrubu.

Kisha akatikisa kichwa mara nne, kwa uaminifu wote, akaingia mahali si pake. Wimbo ukavunjika. Akanigeukia, macho yamejaa.

Nikamgongea kwa mguu. Moja, mbili, tatu. Akaingia na ya nne.

Besi ikawa chini yangu. Mkono wangu ukapiga nyuzi zake mbili na hakuna kilichochanganyikiwa. Niliangalia paa hadi wimbo ukaisha. Paa la kanisa limefungwa vibaya sana, nimeona.

Jumanne, 10 Juni

Ubao umebaki kanisani. Sella ameniuliza kama naweza kuziba matundu. Nimesema naweza. Mercyline ameniletea chapati, na amesema, "Uncle, ilikuwa ni mguu, eeh?" Nikasema ni mguu. Akacheka. Nimezila baridi, jiko liko Kawangware.

Basi. Nimejifunza. Pedali si zangu.

Saa nane Murunga amepiga simu. Amepata nyingine. Hii haishushi, inapandisha. Gitaa likipanda juu vya kutosha, anasema, linavuma kama mtu anayeimba puani.

Mahali pa sauti hiyo Sella hajampa mtu. Hajui hata kama palikuwapo.

Murunga amerudia kwamba ni string moja tu. Nimemkumbusha nimepiga gitaa kabla hajazaliwa. Anachotaka kama malipo ni kitanda chembamba. Karakanani sina mbao. Lakini chetu cha nyumbani ni cha watu wawili, na kukikata katikati na kuongeza miguu ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi. Nimeshachora mstari kwa penseli.

Atakuja kukichukua kesho. Nitampa upande wangu.