Moyo Juu ya CD ya Mama Mkwe

Jumanne, 4 Juni

…na ndiyo maana nikasema nitaichoma kwenye CD mimi. Mama mkwe alikuwa anaeleza tu kwamba kaseti aliyoimbiwa na marehemu baba mkwe walipooana imeanza kukoroma, na Jumamosi, wauguzi wenzake wakimuaga anapostaafu, angependa waisikie. Shemeji Spika, mume wa dada wa mke wangu, anayekodisha maspika kwenye sherehe, akafungua mdomo. Nikamuwahi. Mke wangu (natamani kuliandika neno hilo ukurasa mzima) akanitazama kama mtu aliyeolewa na rubani. Hapo ndipo nilipokwisha.

Jumatano, 5 Juni

Dukani na mke wangu kuchagua CD tupu. Nyimbo za kaseti tayari nimeziingiza kwenye kompyuta. Mwenye duka akatoa aina mbili, akasema nzuri hujulikana ukiinyanyua kwenye taa: haipitishi mwanga. Nikainyanyua ya kwanza. Giza tupu. Nikainyanyua ya pili, na ndani yake nikamwona mke wangu, amesimama karibu na feni, rangi ya zambarau mwili mzima. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Nikasema nachukua hii. Mwenye duka akauliza kama nimemsikia. Mke wangu akanong'ona labda ile nyingine, mpenzi. Nikamwambia mambo ya ufundi aniachie.

Alhamisi, 6 Juni

Nimechoma. Tumeisikiliza. Sauti ya baba mkwe safi kabisa, kama yuko sebuleni. Mke wangu akalia begani kwangu. Shati hilo silifui.

Ijumaa, 7 Juni

CD inaonekana uchi, haina hata jina. Mwenye duka alisema niandikie maka peni, ile ya ncha laini isiyokwaruza. Maka peni hatuna. Peni ya kawaida ipo, ila inateleza, kwa hiyo nimekandamiza. Nimechora moyo kuzunguka tundu la katikati, nikaurudiarudia mpaka uonekane kutoka mbali. Mke wangu akauliza kama tuisikilize tena. Nikamwambia kitu kikishajaribiwa kimejaribiwa.

Jumamosi, 8 Juni

Natamani sakafu ya ule ukumbi ingenimeza. Wauguzi wamejaa. Mama mkwe mbele, leso tayari mkononi. Nikasimama nikahutubia (nani aliniomba?), nikasema sauti hii sasa imehifadhiwa milele. Shemeji Spika akabonyeza. Baba mkwe akaanza kumwita mkewe aje, aje wake wa moyoni, akafika kwenye "wa". Wa, wa, wa, wa. Muuguzi mmoja akapiga makofi kuufuata mdundo, akidhani ndiyo staili. Mama mkwe akaishusha leso.

Shemeji akaitoa CD, akainyanyua kwenye taa. Moyo wangu ukaonekana, umechimbika mpaka upande wa pili. Akaniuliza, kwa sauti ya maikrofoni, kama nilikuwa naandika au nalima.

Mama mkwe akafungua mkoba, akatoa kaseti yake kuukuu. Aliibeba! Kumbe tangu mwanzo hakuniamini. Ikapigwa hivyo hivyo, ikikoroma, na baba mkwe akaimba mpaka mwisho, na ukumbi mzima ukalia. Mimi nikalia kwa sababu zangu. Alipopita karibu yangu akanyoosha mkono, akasema lete, mwanangu, nitaitundika dirishani inifukuzie ndege. Kwa upole kabisa. Bora angenitukana.

Jumapili, 9 Juni

Sijatoka nje. Mke wangu ameniletea chai kitandani, akasema ananipenda hata nikiwa mkulima. Nani mwingine ana mke kama huyu? Kwa ajili yake nitachoma nyingine. CD za aina ile ile, maana siwezi kununua ambayo simwoni ndani yake. Ila nimejirekebisha: peni sigusi tena. Nitakata moyo wa karatasi nene, mwekundu, niubandike kwa gundi. Shemeji Spika amenipigia kuonya kwamba ukibandika kitu juu, CD itayumba ikizunguka. Wivu tu.

Nikampigia mama mkwe, nikamwambia kaseti sasa aipumzishe, mpya inakuja. Akasema karibuni sana, baba, hata dirisha la jikoni lina ndege. Sikuelewa ndege wameingiaje kwenye mazungumzo. Nimemwahidi mwezi huu hauishi kabla hatujafika.