Nyuzi Thelathini na Tano

Jumatatu, 3 Juni
Mshonaji kaniita kutoka ng'ambo ya njia. Nikajifuta vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Kumbe paa la baraza lake limeoza, mbao zinadondoka kama meno yangu. Akasema, shemeji, nitengenezee. Shemeji! Kisa marehemu mumewe nilipiga naye randa benchi moja, basi nitazikwa na jina hilo. Nataka aniite kitu kingine. Chochote. Hata "wewe" ingetosha.

Kutoka kwenye benchi langu namwona akishona barazani. Siku hizi hiyo ndiyo kazi yangu. Useremala nafanya nikipumzika.

Jumanne, 4 Juni
Nimekwenda kupima. Nikamkuta Mwalimu mstaafu, lile jitu refu la hesabu, kaleta suruali ipunguzwe. Suruali ile ile ya wiki iliyopita. Ikiendelea hivi itakuwa kaptula.

Akasema mbele ya mshonaji kwamba paa halikisiwi kwa jicho, linapigiwa hesabu. Mimi shuleni pembetatu ilipoingia mlangoni nilitokea dirishani. Akakuna kidevu, akatamka: mteremko wa nyuzi thelathini na tano, maji yatatiririka na mtu atapita wima. Mshonaji akauliza nyuzi za rangi gani, maana nyeusi zimemwishia. Nikawahi kumjibu, nyekundu, paa lipendeze. Alipojua ni nyuzi za kupimia pembe alicheka mpaka akatoa mguu kwenye cherehani. Mwalimu hakucheka. Nimerudi nyumbani nina miaka ishirini.

Nilimwuliza Mwalimu, kwa upole, kama mtu wa ng'ambo ya njia ataona ndani. Akasema ataona mpaka sindano. Basi hesabu yake nikaipenda.

Jumatano, 5 Juni
Nimeazima kipimapembe cha mjukuu, kile kidude cha plastiki cha nusu duara. Nikachora ubaoni nguzo, nikachora paa. Tatizo: nyuzi zinahesabiwa kuanzia wapi? Nikakiegemeza kwenye nguzo. Nguzo ndiyo inayobeba paa, ihesabiwe nini kingine? Thelathini na tano, mstari, kwisha.

Kwa kawaida ningeinua kenchi moja kwanza, zile mbao za kubeba mabati, nifumbe jicho moja, niiangalie. Lakini jicho si hesabu. Nimekata zote chini, na nguzo kwa urefu uliotoka ubaoni. Nilipomaliza nikajiita Injinia. Hakuna aliyeitika.

Alhamisi, 6 Juni
Mshonaji kaenda kwa dada yake. Vizuri, nitamshangaza. Nimepandisha kenchi, nimegongelea mabati, nikarudi nyuma kulitazama.

Paa limeshuka kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto. Ukingo unanifika kifuani.

Ijumaa, 7 Juni
Karudi. Kainama, kaingia, kakaa kushona gizani. Kutoka kwenye benchi langu naona miguu yake tu. Wa kulia unakanyaga, unapumzika, unakanyaga. Ndala ya kushoto imeshonwa mkanda kwa uzi wa bluu. Miaka yote hii sikuwahi kuiona ndala hiyo. Nimeitazama mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 8 Juni
Mwalimu kaja na suruali yake. Kaja wima, kama alivyoahidi. Bati likalia njia nzima ikasikia. Mshonaji akamkalisha kwenye kiti, akalowesha kitambaa, akamkanda paji la uso, pole Mwalimu, pole sana, kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuonjeshwa. Nikapita chini ya ukingo mara mbili nikijaribu kujigonga. Ufupi huu!

Mwalimu, kitambaa kichwani, akachungulia ubao wangu. Akasema nyuzi za paa zinahesabiwa kutoka kwenye boriti iliyolala, si kutoka kwenye nguzo iliyosimama; ukianzia kwenye nguzo, kadiri nyuzi zinavyopungua ndivyo paa linavyozidi kushuka. Nikamwambia mshonaji aongeze maji, mgonjwa ameanza kuweweseka.

Hapo mshonaji akanigeukia, mikono kiunoni. We mzee, akasema, bomoa kitu hiki ujenge upya.

Jumapili, 9 Juni
We mzee. Nimelirudia neno hilo tangu nilipoamka, nikinyoa, nikiosha kikombe. Wala si shemeji. Kasema mbele ya shahidi, na shahidi ni Mwalimu.

Nimebomoa yote. Kosa nimeligundua mwenyewe, bila msaada wa mtu aliyegongwa na bati. Nyuzi zilikuwa nyingi mno. Kama thelathini na tano zimelishusha paa hadi kifuani, thelathini zitalinyanyua. Hesabu ndogo tu, hata mimi naiweza.

Ubao nimeufuta. Kidude nimekiegemeza kwenye nguzo, nimechora. Kesho asubuhi nakata. Jioni nitakaa kwenye benchi langu, nimwone mpaka usoni.