Mimi na Mlingoti, Nani Mrefu

Jumatatu, 3 Machi
Nimesimama! Maisha yangu yote, kwenye kiti cha magurudumu, nimewatazama watu vifungo vya mashati. Leo nimewatazama usoni. Mtaalamu wa viungo kaniletea fremu ya kusimamia, ina magurudumu makubwa ninayosukuma mwenyewe kwa mikono. Kanifunga mikanda kifuani, kiunoni, magotini. Mama kalia. Binamu yangu Mlingoti, mrefu kuliko darasa zima na anajijua, kasogea tupimane. Kanizidi kidole. Kidole tu! Na Ijumaa ni picha ya darasa. Moyo haujatulia.

Jumanne, 4 Machi
Mtaalamu kaonya: nikichezea skrubu, fremu inakwenda kwa mtoto mwingine, wanaoisubiri ni wengi. Nimeitikia kama malaika. Jioni nimeokota vipande vya mbao kwa seremala. Nitavibandika chini ya viatu. Mbao si skrubu!

Alhamisi, 6 Machi
Majaribio. Mama angegundua, kwa hiyo nimemwomba Bibi, ambaye macho yake yamechoka, anifunge. Kafunga huku akishangaa nilivyokua. Tatizo: mimi nimepanda, mikanda imebaki chini. Wa magotini haushiki magoti. Nimeota naanguka. Mchana!

Ijumaa, 7 Machi
Picha! Nimepangwa nyuma kabisa, pamoja na warefu. Nimempita Mlingoti! Furaha ya dakika. Ubao ukabanduka, magoti yakalegea, nikaning'inia kwa mkanda wa kifua kama nguo kambani. Breki? Nilisahau. Fremu ikaondoka nami. Mlingoti akaruka, akainama, akaidaka, akapiga kelele mwalimu aje. Mpiga picha akabofya papo hapo. Nyumbani Mama kaanza: asiyesikia la mkuu huvunjika... Akafika kwenye guu, akanyamaza. Kesho mtaalamu anakuja. Fremu yangu basi tena. Sijala.

Jumamosi, 8 Machi
Roho mkononi. Mtaalamu kakagua magoti, mikanda, kauliza nani kaweka mbao. Sijafungua kinywa, Mlingoti kadakia kuwa ni yeye, alitaka kunifurahisha. Mtaalamu katutazama wote wawili, kachukua mbao. Fremu kaiacha! Nimelia mpaka kwikwi. Nimemwambia Mlingoti yamekwisha, sishindani naye tena maishani. Kaniamini, masikini. Halafu akainama kufunga viatu, nikaona vizuri: kumbe nusu ya urefu wake ni nywele.

Bibi ana mkasi. Na Mlingoti hulala fofofo.