Jina Langu Chini ya Jina la Anselme

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Hajati Zuleika, mwenye duka letu la kutengeneza simu hapa Kansanga, ametangaza mbele ya wateja kwamba jina la Anselme liko mtandaoni. Anselme ni fundi mwenzangu, Mkongo wa kutoka Beni. Meza yake iko dirishani. Yangu iko karibu na choo. Mimi nina miaka sita dukani, yeye miwili.

Kumbe amekuwa akisaidia kutengeneza Tembe, programu ya simu inayowakumbusha wagonjwa kumeza dawa. Ni programu huria: msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa dunia nzima, na yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. Ukirekebisha kitu kikakubaliwa, jina lako linaingia kwenye orodha ya wachangiaji. Halipwi mtu. Ila mama mmoja aliyeleta simu yenye kioo kilichopasuka alimwita Anselme injinia. Kioo nilikibadilisha mimi.

Nilimpongeza. Taya ziliuma.

Zito zaidi: Hajati anafungua duka la pili Ntinda, na mmoja wetu ataliongoza. Atasema Jumamosi, baada ya mkutano wa wachangiaji wa Tembe ambao Anselme amemwalika. Nina siku tano za kuingia kwenye orodha.

Jumanne, 4 Machi

Nimejisajili. Picha peke yake ilichukua saa nzima, kwa sababu ya tai. Kisha nikasoma maelekezo ya wachangiaji wapya nikitafuta kosa. Nikalipata: sentensi isiyo na nukta mwishoni. Nikaweka nukta, nikatuma, pamoja na barua ya aya nne juu ya umuhimu wa nukta katika maisha ya mgonjwa.

Jibu lilikuja papo hapo. Badiliko limekataliwa, fomu yake haikujazwa sawasawa. Nikajibu kwa heshima. Likaja jibu lile lile, neno kwa neno. Nikajibu kwa heshima kidogo. Mara ya nne nilimuuliza kama anajua anazungumza na nani. Anselme alichungulia begani kwangu, akaniambia kwa upole kwamba huyo ni roboti wa ukaguzi. Nikamwambia najua.

Jioni aliandika mtu wa kweli, Adoch, dada wa Ntinda anayesimamia Tembe. Alinishukuru. Nukta ile ilishawekwa wiki iliyopita. Mimi nilikuwa nasoma nakala ya zamani. Nikaangalia aliyeiweka ni nani.

Anselme.

Jumatano, 5 Machi

Adoch amenielekeza kwenye kazi rahisi zilizotengwa kwa wageni. Ziko kumi na mbili. Ya kubadilisha rangi ya kitufe ilishachukuliwa na mtu wa Mombasa aitwaye Marjan. Chini ya zote kumi na moja zilizobaki nikaandika: "Naomba nipewe hii." Sikuwa na nia ya kuzifanya. Nia ilikuwa Anselme akose.

Adoch akaandika, hapo hapo hadharani: "Karibu sana ndugu Cleopas. Chagua moja, waachie wenzako kumi."

Mchana Anselme akaja mezani kwangu na sahani ya katogo, ndizi zilizopikwa kwa mchuzi. "Kaka Cleo, tukule pamoja, nitakuonyesha namna ya kuanza. Hata miye nilipotea mwanzoni." Nikamwambia jino linaniuma. Basi ikabidi nishinde na njaa, maana mwenye jino bovu hawezi kuonekana anakula. Katogo ilikuwa ya matumbo. Ilinukia hadi jioni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempata.

Kazi yangu niliyochagua nimeiacha, nimesoma msimbo wa Anselme mstari kwa mstari. Kwenye sehemu ya Kiswahili anachukua saa ya dawa, kisha anatoa sita. Anatoa sita! Daktari akiandika 14:00, Tembe inamwambia mgonjwa ameze dawa saa nane. Nimehesabu kwa vidole mara tatu. Tofauti ya saa sita kamili. Watu watakufa.

Nilifikiria kumwambia faraghani. Fikra hiyo ikapita. Nikaifuta ile sita na kutuma badiliko langu, lenye kichwa "KOSA LA HATARI LA ANSELME". Safari hii fomu niliijaza yote. Kisha nikamwita Hajati. Akavaa miwani, akanisikiliza, akamgeukia Anselme kwa uso ambao nimeungoja miaka miwili.

Anselme aliitazama skrini. Akaniuliza, "Kaka, sasa ni saa ngapi?"

Nikatazama simu. 16:00. Nikamwambia ni saa kumi, na asibadilishe mada.

Akarudi mezani kwake. Hajati naye akavua miwani polepole. Nadhani ushahidi uliwazidi.

Ijumaa, 7 Machi

Jibu la Adoch: "Ndugu Cleopas, 14:00 ni saa nane mchana. Tunatoa sita kwa sababu ndivyo saa zinavyohesabiwa kwa Kiswahili. Kwenu mnahesabu vipi?"

Kwetu ni Busia, upande wa Kenya. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiswahili. Saa nilizijua kabla sijavaa viatu. Sielewi akili ilikuwa wapi. Naona ni njaa ya Jumatano.

Watu wameweka nyuso za kucheka. Nyuso tisa kufikia mchana. Nilitaka kufuta, lakini haifutiki. Nikabadilisha kichwa kikawa "Swali dogo". Chini yake mtandao ukaandika wenyewe kwamba Cleopas amebadilisha kichwa, kutoka kipi kwenda kipi. Nyuso zikawa kumi na nne.

Kisha Anselme akaandika chini yangu. Nilijua sasa ananimaliza. Aliandika kwamba badiliko la Cleopas si sahihi, ila limemfanya aupime msimbo wake upya, na kweli una kosa. Dawa ya 03:00, yaani saa tisa usiku, Tembe ilikuwa ikiiandika "saa hasi tatu". Mgonjwa anayeamshwa na simu saa hizo angebaki anashangaa na kidonge mkononi. Amerekebisha. Na chini ya marekebisho ameandika majina mawili, lake na langu.

Niko kwenye orodha. Nimeitazama mara nyingi leo. Niko chini yake.

Jumamosi, 8 Machi

Mkutano Ntinda. Watu ishirini hivi, soda na sambusa. Adoch alitaja wachangiaji mmoja mmoja. Zamu ya Anselme ilipofika alisimama na kusema kwamba bila Cleopas kosa la saa za usiku lisingeonekana. Wakapiga makofi. Nikasimama. Kwa dakika moja niliwapenda wote, hata yeye.

Nje, Hajati akatupa uamuzi. Duka la Ntinda ni la Anselme. Nikauliza nimekosa nini.

"Cleopas," akasema, "mikono yako inamshinda huyu, hilo najua. Lakini wewe uliona mwenzako anaanguka, ukaita watu waje kutazama. Yeye aliona wewe unaanguka, akatandika godoro. Sasa ufunguo wangu nimpe nani?"

Nilipanda boda peke yangu na kulia kidogo, upepo wa usoni ukinisaidia kukausha machozi. Baadaye Anselme alipiga simu kuuliza kama nimefika salama. Nikamwambia nimefika, na hongera. Safari hii taya hazikuuma sana.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani mahubiri yalikuwa juu ya kijicho. Mahubiri mazuri. Nilimhurumia Ondiek wa kwaya, kwani yanamhusu mno.

Nimeomba nipewe moyo mpya. Nadhani nimepewa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimehamia meza ya dirishani. Mwanga mzuri. Kwenye ile ya choo Hajati ameleta fundi mpya, Huguette, binti wa Goma, mtaratibu, mwenye salamu nzuri. Hajati ameniomba nimfundishe kazi. Nikasema kwa moyo mmoja.

Kufikia saa nne alikuwa ameiwasha simu iliyonishinda wiki nzima. Mwenye simu akaomba namba yake. Si ya duka. Yake. Hajati akapita, akatazama, akasema, "Eh, huyu anajua." Miaka sita sijaambiwa hivyo.

Mchana Huguette alikuja mezani kwangu kwa adabu zote. Alisema amesikia kuna programu iitwayo Tembe, na kwamba mimi ni mmoja wa waliomo. Aliita jambo hilo heshima kubwa. Usiku huwa anajisomea msimbo kidogo kidogo, na angependa kusaidia, hata kazi ndogo kabisa. Mtu anaingiaje?

Nikaweka bisibisi chini. Nikamtazama kama kaka mkubwa.

Nikamwambia orodha imejaa.

Alinishukuru kwa kumwokolea muda.